Sensa ya Kamera Unguja: Lipi Ulifanye Nyumbani, Lipi Umwachie Fundi

Piga picha ya pwani ya Paje maji yakiwa yamekupwa, lenzi ukiwa umeibana hadi f/16 ili mchanga wa mbele na ngalawa za mbali vyote vionekane sawasawa, kisha ifungue picha hiyo kwenye kompyuta na uliangalie anga. Kama kamera yako imefanya kazi Unguja msimu mzima bila ya kuangaliwa, huenda ukaona vidoa vya kijivu, mviringo mviringo, vimesimama pale pale katika kila picha. Vidoa vya namna hiyo haviko kwenye lenzi, viko kwenye sensa. Hapo ndipo linapokuja swali la kusafisha mwenyewe nyumbani au kuipeleka kamera kwa fundi, na wengi hulijibu kwa tabia zao tu: aliye jasiri hununua vijiti na dawa, mwoga hungoja safari ya Dar es Salaam. Mimi naona kinachopaswa kuamua ni aina ya uchafu wenyewe, na uchafu wa kisiwa hiki una tabia yake kwa sababu ya chumvi na unyevu. Vumbi kavu ni kazi yako, na uifanye mapema. Kilichoganda ni kazi ya fundi, isipokuwa kwa masharti machache nitakayoyataja. Na vidoa vingi havihitaji kuguswa na mtu yeyote.

Anza kwa kujua unachotaka kukigusa. Sensa kubwa ya kamera za kawaida ina milimita 36 kwa 24. Ile ndogo yake ni kama 24 kwa 16. Vumbi halitui juu ya sensa yenyewe, hutua juu ya bamba jembamba la kioo lililopakwa tabaka za kuchuja mwanga, ambalo liko mbele ya sensa kwa umbali wa milimita moja au mbili hivi. Umbali huo mdogo unaeleza mengi. Chukulia ni milimita 1. Kwa f/16, mwanga unaokwenda kwenye nukta moja ya sensa hupita katika bamba ukiwa na upana wa kama milimita 0.06. Chembe yenye upana wa milimita 0.05 itaziba karibu theluthi mbili ya mwanga huo, na doa litaonekana wazi. Kwa f/8 chembe hiyo hiyo huziba kama asilimia 16. Kwa f/2.8 huziba asilimia 2 tu, na jicho halioni kitu. Ndiyo maana mpiga picha za harusi anayefanya kazi ndani ya ukumbi, lenzi wazi na taa chache, anaweza kumaliza mwaka bila ya kulalamika, na mwenzake anayepigia hoteli picha za bahari Nungwi akalia kila wiki kwa kamera ya aina ile ile. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kusafisha, angalia kazi zako unazipiga kwa tundu lipi la lenzi. Tena f/16 na f/22 hupunguza ukali wa picha kwa sababu ya kutawanyika kwa mwanga katika tundu jembamba. Kwa lenzi pana, f/8 inatosha kwa mandhari nyingi za pwani. Kufungua lenzi hatua mbili ni usafi usio na hatari yoyote, na ni wa bure.

Tatizo hili lina sababu ya kuwa kubwa zaidi leo kuliko zamani. Katika Capital Art Studio, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930, na katika studio nyingine zote za zama za filamu, kila picha ilipata kipande chake kipya cha filamu. Vumbi likiingia, kwa kawaida liliharibu picha moja na kuondoka nayo, na doa lililobaki kwenye karatasi lilizibwa kwa brashi nyembamba na rangi. Kamera ya dijitali ina uso mmoja tu, na uso huo hupokea kila picha tangu siku unayoinunua mpaka siku itakapokufa. Kosa la mara moja juu ya uso huo, mkwaruzo kwa mfano, litakuwamo katika kila kazi itakayofuata. Hoja yangu yote ya kuwa mwangalifu na kijiti inatoka hapo.

Sasa uchafu wenyewe. Msimu wa kusi upepo hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki, Bwejuu, Paje na Jambiani, ukibeba rasharasha ya bahari na mchanga mweupe laini. Kaskazi ikiingia, zamu huwa ya Nungwi na Matemwe. Mji Mkongwe nao una vumbi lake: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa humomonyoka polepole, kuta za chini hutoa chumvi na kupukutisha unga mweupe, na mtu akiegemeza mkoba wa kamera ukutani usiku kucha, asubuhi unga huo umo ndani ya mkoba. Forodhani jioni kuna moshi wa mishikaki wenye mafuta. Kwenye nyumba ya harusi kuna chetezo na moshi wa udi, ambao hukaa juu ya kioo kama utando mwembamba wa kunata. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, banda likishachomwa, majivu na vumbi la uwanja huruka pamoja. Uchafu wa namna hizi haufanani, na haustahili kutibiwa kwa dawa moja.

Kati ya uchafu wote huo, chumvi ndiyo ya kuogopwa. Punje ya chumvi ikiwa kavu hupeperuka kama vumbi jingine lolote. Lakini chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukifika kiasi cha asilimia 75 punje huyeyuka ikawa tone. Usiku wa Unguja hewa hupita kiwango hicho mara nyingi. Kesho yake kamera ikiingia kwenye chumba chenye kiyoyozi, tone hukauka, na chumvi hujishika upya juu ya kioo, safari hii ikiwa imelishika na vumbi la jirani. Kwa hiyo chembe ambayo jioni ingeondoka kwa pumzi moja ya hewa, asubuhi imebandikwa. Hapa ndipo kisiwa kinapotofautiana na nchi kavu: mtu wa Dodoma anaweza kuliacha vumbi wiki nzima na lisibadilike, mtu wa Unguja ana saa chache. Kazi yako kubwa ya nyumbani, basi, ni kuwahi.

Kuna watakaosema kamera za siku hizi zinajisafisha zenyewe. Ni kweli zina uwezo huo. Olympus iliutia katika kamera yake ya E-1 mwaka 2003, Canon wakafuata na EOS 400D mwaka 2006, na leo ni jambo la kawaida. Bamba la mbele hutetemeshwa kwa kasi kubwa, chembe zikadondoka. Mtetemo huo unafaa sana kwa vumbi kavu, na nakushauri uuwashe kila unapozima kamera, ikiwa imekaa sawa mezani ili vumbi lidondoke chini. Lakini tone la chumvi lililokauka, utando wa udi, au mafuta ya shata haviondoki kwa kutikiswa. Wengine watasema kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani hufunga shata zikizimwa, kama ilivyofanya Canon EOS R ya mwaka 2018. Nayo ni kinga nzuri wakati wa kubadilisha lenzi, ila vumbi lililotua juu ya shata linaweza kuingia ndani likifunguka, na vipande vya shata ni vyembamba mno, havitakiwi kuguswa kabisa.

Ili ujue una uchafu wa aina gani, piga picha ya majaribio. Weka ISO 100, tundu f/16 au f/22, fokasi ya mkono isiyolenga kitu, kisha upige anga tupu au karatasi nyeupe iliyoangazwa sawasawa. Isogeze kamera kidogo wakati shata iko wazi. Alama za karatasi zitapotea katika mwendo, za sensa zitabaki. Fungua picha kwa ukubwa kamili, ongeza tofauti ya weusi na weupe, na uipitie kona kwa kona. Doa dogo lenye ukingo mkali ni chembe. Uzi uliojikunja ni unyoya wa nguo. Duara lenye ukingo mweusi na katikati pameng’aa mara nyingi ni tone, la maji ya chumvi au la mafuta. Kumbuka kwamba picha huingia kichwa chini: ukiikabili sensa kwa mbele, doa lililo juu kushoto katika picha litakuwa chini kushoto mbele yako. Ihifadhi picha hiyo pamoja na tarehe yake, kwa sababu utaihitaji kwa kulinganisha, na fundi naye ataihitaji.

Kupuliza ni kazi ya kila mtu. Chagua chumba ambacho hakikufagiliwa muda huo, funga madirisha, zima pangaboi na usubiri kama nusu saa vumbi la hewani litulie. Betri iwe imejaa, kwa sababu katika kamera zenye kioo cha ndani betri ikikata katikati ya kazi, kioo na shata hurudi na vinaweza kugonga kilichomo ndani. Nenda kwenye menyu ya kusafisha kwa mkono ili sensa ibaki wazi. Tumia pampu ya mpira ya kubana kwa mkono. Ibane mara kadhaa hewani kwanza ili itoe vumbi lake yenyewe. Ielekeze kamera mdomo chini, ncha ya pampu isivuke mdomo wa kamera, kisha pulizia mara kumi hivi ukilenga kona na katikati. Zima kamera, rudisha lenzi, rudia picha ya majaribio. Usipulize kwa mdomo, mate hayakosi. Usitumie hewa ya kopo, kwa sababu kimiminika kilichomo ndani yake huweza kutoka kikiwa baridi na kuacha doa baya kuliko la kwanza. Na usiipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi; hewa ile ina maji na mafuta. Vilevile pulizia na ufute upande wa nyuma wa lenzi na mfuniko wa kamera, maana vumbi jingi la sensa hutokea huko, na hapo ndipo watu husahau.

Baada ya hapo kuna mpaka. Vitabu vya maelekezo vya Nikon na Canon vinakubali pampu, lakini kisichotoka kwa pampu vinasema kiachiwe kituo cha huduma. Nikon wanakataza hata pampu yenye brashi. Wapinzani wa maelekezo haya husema kampuni zinalinda biashara yao, na kwamba wapiga picha wengi duniani hufuta sensa zao wenyewe bila ya madhara. Hoja hiyo ina uzito wake. Unachokifuta ni bamba la kioo lililo mbele ya sensa, na kijiti kipya chenye dawa sahihi hakilikwaruzi. Lakini itazame kutoka hapa tulipo. Kinachokwaruza ni punje ngumu iliyonaswa chini ya kitambaa, na mchanga wenye asili ya mawe ya kwazi ni mgumu kuliko kioo. Mchanga mweupe wa pwani zetu, uliotokana na matumbawe na makombe, ni laini kuliko huo, ila tabaka zilizopakwa juu ya bamba si za kujaribia bahati, na macho hayawezi kukwambia punje ile imetoka Jambiani au imetoka kwenye kifusi cha mjenzi. Anayefuta London akikosea ana duka na kituo cha huduma kwa safari ya treni. Wewe ukikosea kamera itavuka bahari, na gharama ya kubadilisha sensa huweza kukaribia bei ya kamera iliyotumika. Ushauri wangu kwa hiyo ni mkali zaidi kuliko utakaousikia kwa watu wa huko, na nausema nikijua unachelewesha kazi ya mtu.

Masharti ya kufuta nyumbani ni haya. Uwe umeshapuliza mara mbili na doa limebaki. Doa hilo liwe linaonekana katika kazi zako halisi, si katika picha ya f/22 pekee. Uwe na kijiti chenye upana wa sensa yako, milimita 24 kwa kubwa au 16 kwa ndogo, kikiwa katika pakiti iliyofungwa, na dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Na kamera isiwe ile moja unayoitegemea kwa chakula cha watoto. Ukitimiza hayo, tia matone mawili au matatu kwenye ncha, subiri yasambae, pitisha kijiti mara moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa mkono mwepesi, kigeuze, rudi nacho mara moja, kisha kitupe. Kijiti kilichokwisha kupita hakirudi tena ndani ya kamera, hata kama kinaonekana kisafi. Kwa doa la chumvi chagua dawa yenye maji ndani yake: gramu 36 za chumvi huyeyuka katika mililita 100 za maji, wakati katika methanoli safi, ambayo hutumika sana kusafisha sensa, haziyeyuki hata gramu 2. Wengi hufuta kwa methanoli mara nne, doa likakaa pale pale, wakadhani sensa imeharibika. Methanoli hiyo ni sumu na inashika moto upesi, iwekwe mbali na watoto na jiko. Ile spiriti ya duka la dawa haifai, huwa imetiwa rangi au mafuta, na sanitaiza za mikono nyingi zina gliserini. Upindo wa khanga, pamba ya masikioni na kitambaa cha miwani visikaribie kabisa. Kama sensa ya kamera yako huelea ili kutuliza mtikisiko, soma kwanza maelekezo yake kuhusu kuifunga isicheze.

Kuna uchafu ambao hata ukiwa na mkono mwepesi na dawa nzuri si wako. Mwaka 2012 Nikon walitoa kamera ya D600, na wanunuzi wakaanza kuona vidoa vikijaa hasa kona ya juu kushoto. Waliosafisha waliona vikirudi baada ya mamia ya picha. Kampuni ilikubali tatizo mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kubadilisha shata bila ya malipo. Chanzo kilikuwa ndani ya kamera, na hakuna kijiti ambacho kingekimaliza. Leica M9 ya mwaka 2009 ilitoa funzo jingine: kioo cha kufunika sensa yake kilikuwa kinaliwa na unyevu, na alama zake zilifanana na vidoa vya vumbi vyenye duara hafifu pembeni. Kufuta hakukusaidia, Leica walilazimika kubadilisha sensa. Basi uchafu ukirudi kona ile ile mara kwa mara, au alama ikabaki ilivyo baada ya kufutwa sawasawa, au ukaona nyuzinyuzi zinazotambaa kama mizizi, ambazo huweza kuwa kuvu, acha. Endelea kuziba madoa kwa programu ya kuhariri mpaka upate nafasi ya kwenda kwa fundi. Programu inatosha kwa picha za anga tupu, ingawa kwa video na kwa doa lililokaa juu ya sura ya mtu itakuchosha.

Na fundi naye si jina tu. Wako wanaofungua kamera mlangoni pa duka, feni inazunguka, pikipiki zinapita, na kijiti kimoja kinatumika kwa wateja watatu. Fundi wa namna hiyo hana alichokuzidi. Muulize kabla hujamkabidhi: atafanyia kazi hiyo wapi, atafungua pakiti mpya mbele yako, ana kioo cha kukuzia chenye taa, ameshawahi kusafisha aina ya kamera yako? Mpe picha yako ya majaribio na umwombe apige nyingine akimaliza, kwa tundu lile lile, nawe uitazame hapo hapo kabla ya kulipa. Toa kadi yako, andika namba ya kamera, pata risiti. Ukilazimika kuituma Dar es Salaam, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na aliyeibeba akae nayo ndani ya boti, si kwenye sitaha. Gharama ya safari ndiyo malalamiko makubwa ya wapiga picha wa Unguja, na ni ya haki. Wenye kamera watatu au wanne wakikusanya zao na kumpa mmoja azipeleke kwa pamoja, mara moja kwa mwaka baada ya kusi, mzigo hupungua sana.

Kinga ni fupi kuisema. Zima kamera kabla ya kubadilisha lenzi, upe mgongo upepo, mdomo wa kamera uangalie chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Pwani, na Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, usibadilishe kabisa. Ingia na lenzi moja utoke nayo. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo unyevu utaganda juu ya kioo. Ilaze kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza na vifuko vya kukausha, juu ya kabati, mbali na ukuta. Na ukiona doa siku ya Ijumaa usiku huku una harusi Jumamosi, usiguse kijiti: pulizia, funga lenzi, kesho piga kwa f/4, na kufuta kungoje wiki usiyokuwa na kazi.